Saini kwenye Buletini

Kila buletini ya shule ya msingi nchini Kongo ina nafasi ya saini ya mzazi au mlezi. Nilifundisha darasa la tatu mjini Butembo, kisha la tano mjini Beni, na kadiri miaka ilivyopita nilizoea kuitazama nafasi hiyo kabla ya kutazama asilimia. Yuko baba anayeandika majina yake yote kwa kukandamiza kalamu hadi karatasi inatoboka. Yuko mama asiyejua kuandika. Humwambia binti yake mkubwa amwandikie, halafu huja mwenyewe asubuhi kunieleza kwamba saini ile ni yake. Watoto wa kituo cha yatima kilichokuwa karibu na shule yetu ya Butembo walirudisha buletini zenye saini ya namna moja, fupi, ya wino wa bluu. Ilikuwa ya mhasibu wa kituo, aliyezisaini zote kwa kikao kimoja. Hakuwa mtu mbaya. Ndiye aliyehakikisha minervali, yaani ada ya shule, imelipwa na maharagi hayaishi kabla ya mwezi kuisha. Lakini hakuna mtoto kati yao aliyeulizwa jioni ile kwa nini Kifaransa kimeshuka, wala aliyepongezwa kwa kupanda kwenye hesabu.

Watoto hao hawakuwa wachafu wala wenye njaa kuliko wenzao. Mara nyingi ilikuwa kinyume. Sare zao, shati jeupe na kaptula au sketi ya bluu, zilikuwa zimepigwa pasi. Madaftari yao yalifunikwa vizuri. Jirani yao wa dawati, mtoto wa mama muuza makala (mkaa), alikuja na kalamu nusu na viatu vya kaka yake. Hata hivyo, mwisho wa muhula mtoto wa makala alipata sitini na kitu kwa mia, na wao wakabaki chini ya hamsini, ambayo ndiyo alama ya kufaulu. Wageni waliotembelea kituo walikuwa wakiambiwa kwamba watoto wa pale "wana akili nzito". Mimi niliyekuwa nao darasani kila siku nilijua kwamba si kweli. Mbele yangu, somo likiwa jipya, walielewa upesi kama wengine. Walichoshindwa ni yale yanayohitaji jioni: kusoma kwa sauti mbele ya mtu, kukariri jedwali la kuzidisha na kurudia imla. Tena walikata tamaa mapema mno. Doa moja la wino lilitosha mtoto kuchana ukurasa mzima na kulaza kichwa juu ya dawati.

Zamani Butembo haikuwa na vituo vingi hivi. Huu ni mji wa wafanyabiashara, watu waliojijengea barabara na shule bila kungoja serikali, na katika ukoo wa Kinande mtoto ni wa upande wa baba. Baba akifa, baba mdogo au baba mkubwa anajua kwamba mzigo ni wake. Mama akifa, bibi anamchukua mchanga. Ukoo huo haujafa hata leo, ila umechoshwa. Tangu Oktoba 2014, mauaji ya waasi wa ADF yalipoanza kuandama vijiji vya Beni, watu wamekatwakatwa mashambani na majumbani, na waliosalia wamekimbilia Oicha, Beni mjini, Butembo na kwingineko. Usiku wa tarehe 13 Agosti 2016 ilikuwa zamu ya Rwangoma, pembezoni mwa mji wa Beni wenyewe. Familia iliyokuwa na watoto sita ilijikuta na kumi na tatu katika chumba cha kupanga. Halafu tarehe 1 Agosti 2018 Ebola ikatangazwa, ikianzia Mangina, na hadi ilipotangazwa kwisha tarehe 25 Juni 2020 ilikuwa imewapata watu 3,470 na kuua 2,287. Na tangu Kanyabayonga ilipoanguka mikononi mwa waasi wa M23 mwishoni mwa Juni 2024, wakimbizi wengine wamepanda kutoka kusini kupitia Lubero.

Nayataja haya kwa sababu watu wa mbali hudhani kwamba mtoto wa kituo hana mtu duniani. Wengi niliowajua walikuwa na mtu. Alikuwapo baba mjane aliyeleta kichanga kwa masere, watawa wa kike, kwa sababu hakuwa na fedha za maziwa, akaahidi kurudi. Alikuwapo shangazi aliyemleta mpwa wake asubuhi baada ya mume kumwambia achague. Aliyefika pale langoni hakuwa amemchukia mtoto. Alikuwa ameshindwa.

Majina yetu yenyewe yanasaidia kujua nani ana mtu. Kwa Wanande, Paluku au Mumbere ni mvulana wa kwanza, Kambale wa pili, Kasereka wa tatu. Msichana wa kwanza ni Masika. Mwalimu yeyote wa huku anaweza kusoma daftari la mahudhurio na kujua nani ana wakubwa nyumbani. Darasani kwangu kulikuwa na mtoto wa kituo mwenye jina la mvulana wa pili, na faili lake lilisema hana ndugu. Siku moja wakati wa mapumziko nilimwuliza, "Mkubwa wako yuko wapi?" Alinitazama kwa muda, kisha akajibu, "Madamu, yuko Kasindi. Anapakia makamyoni." Hakuna aliyekuwa amemwuliza. Kaka yule alitafutwa kwa simu za madereva wa barabara ya Beni hadi mpakani, akapatikana. Alikuwa kijana wa miaka kumi na minane hivi, hana nyumba ya kumweka mdogo wake, lakini alianza kuja Butembo mara kwa mara siku za Jumapili. Alikaa naye kwenye benchi la uani na kumwambia afungue daftari. Mwisho wa mwaka mdogo wake alivuka hamsini.

Sisemi kwamba kila mtoto ana kaka Kasindi. Nasema kwamba alama za mtoto huyo hazikupandishwa na daftari jipya. Zilipandishwa na mtu mmoja ambaye mtoto alijua kwamba atakuja tena, na kwamba akija ataangalia.

Beni ilinifundisha upande mwingine, ule wa usiku. Nilifundisha katika komini ya Mulekera, na kulikuwa na majuma ambayo milio ya silaha nzito ilisikika hadi karibu alfajiri. Asubuhi nusu ya darasa ilisinzia. Mtoto wa nyumbani alikuwa amelala katikati ya wazazi, amesikia baba akisema "hiyo ni mbali, lala". Mtoto wa kituo alikuwa amelala katika bweni la vitanda vya ghorofa na mama mlezi mmoja chumba cha pili, naye mama mwenyewe ana hofu. Wengi walikojoa kitandani, hata wa miaka kumi na moja. Katika kituo kimoja magodoro yalianikwa ukutani kando ya njia ya shule, na wanafunzi wengine waliyahesabu wakipita. Watoto walifika darasani wakiwa tayari wameaibishwa kabla ya kengele. Utamfundishaje mtoto huyo sehemu za hesabu saa mbili asubuhi? Mama mmoja wa zamu aliona jambo hilo bila kuambiwa na mtu. Alianza kuamka saa kumi alfajiri, akawaamsha wale wachache taratibu kwenda chooni, na magodoro yaliyolowa akayatoa nyuma ya jiko, mahali ambapo hapaonekani. Hakuwa amesomea saikolojia. Baada ya muda niliona tofauti darasani: watoto wake walinyoosha mikono.

Aprili 2021 wanafunzi wa Beni walikwenda kukaa katika ofisi ya meya, wakalala hapo siku kadhaa, wakidai amani na kumtaka rais aje awaone. Watu wazima wengi walisema wanapoteza masomo. Mimi niliona watoto waliokuwa wanatuambia kwa miili yao kwamba hakuna masomo bila usingizi. Mwanzoni mwa Mei hali ya dharura ya kijeshi ilitangazwa, na mwishoni mwa Novemba mwaka huo jeshi la Uganda likaingia pamoja na letu. Mauaji hayajaisha. Anayepima watoto wetu kwa mtihani wa mwisho wa msingi peke yake, bila kuuliza walilala wapi, anapima kitu kingine.

Wakati wa Ebola niliona pia kitu ambacho sijakisahau. Mama alipoingizwa katika kituo cha matibabu, mtoto wake mchanga hakuweza kubaki naye, na jamaa waliogopa kumgusa kwa siku 21 za uangalizi. Huko Beni na Butembo zilifunguliwa nyumba ndogo za kulelea watoto hao jirani na vituo vya matibabu, kwa msaada wa UNICEF, na walezi wao walikuwa watu waliopona Ebola wenyewe. Miili yao ilikuwa na kinga, hivyo waliweza kumbeba mtoto kifuani bila hofu. Nilizungumza na mmoja wao, mwanamke aliyezika jamaa zake katika ugonjwa uleule. Aliniambia kwamba wiki za kwanza alikuwa akimshika mtoto yule kwa sababu ni kazi, na baadaye kwa sababu mtoto alikuwa akiacha kulia anaposikia hatua zake. Katika taabu yetu kubwa kabisa, mji ulioogopa kupeana mikono uliweza kumpatia kila kichanga kifua kinachojulikana. Ndiyo maana sikubali ninapoambiwa kwamba katika vituo vya kawaida haiwezekani.

Niliporudi Butembo, masere mmoja aliyesimamia kituo kingine aliniomba nije jioni kusaidia masomo. Nilikuta utaratibu wa siku zote. Walezi walifanya kazi kwa zamu za juma moja, wakapishana, na ndani ya mwaka mmoja wengi wakaondoka kwa sababu mshahara ulichelewa au haukuja. Wageni wa kujitolea walikuja kwa wiki chache, wakacheza na watoto, wakawabeba, wakapiga picha, wakaaga. Mara ya kwanza watoto hulia. Mara ya tatu hawalii. Wageni husifu jinsi watoto wanavyowakimbilia na kuwakumbatia bila kuwajua. Mimi nikiona mtoto wa miaka saba anamkumbatia mtu ambaye hajamjua hata jina, nashtuka, maana mtoto mwenye mtu wake humtazama mgeni kwanza kutoka nyuma ya nguo ya mama.

Masere yule hakuwa na fedha za kujenga nyumba mpya. Alichofanya ni kuwagawa watoto wale wale, ndani ya jengo lile lile, katika vikundi vidogo vyenye wakubwa na wadogo, ndugu wa tumbo moja wasitenganishwe. Kila kikundi akakipa mama mmoja asiyebadilishwa, aliyekula nao sahani zile zile za fufu na sombe. Mama huyo ndiye aliyesaini buletini. Mama huyo ndiye aliyekwenda kwenye mkutano wa wazazi shuleni, na nakumbuka jinsi direkta wa shule alivyoshangaa kuona akina mama watano wameketi mstari wa mbele, kila mmoja na majina ya watoto wake mkononi.

Manufaa hayakuja yote kwa pamoja, na mengine yalikuwa madogo hadi mtu angeyapuuza. Mmoja wa akina mama hao aligundua kwamba msichana wake anasogeza bakuli karibu na uso kuchambua maharagi. Alipelekwa hospitalini, akapewa miwani. Kwa miaka minne alikuwa ameketi nyuma darasani, akinakili kutoka kwa jirani na kuitwa mvivu. Mwingine aligundua kwamba mvulana wake anaelewa hesabu zikisemwa kwa Kinande na kwa Kiswahili, lakini Kifaransa kinamfungia mlango, basi akawa anamwomba amfundishe yeye somo la siku kwa lugha anayoitaka. Jioni zile nilichokuwa nafanya mimi kilipungua, na nilifurahi kuona kinapungua. Nilikuja mara chache zaidi kwa sababu sikuhitajika sana.

Watafiti wameyachunguza haya mbali na kwetu. Katika mji wa Bucharest nchini Romania, kuanzia mwaka 2000, watoto wadogo 136 waliokuwa wakiishi katika taasisi walifuatiliwa. Nusu yao walipelekwa kwa bahati nasibu katika familia za kambo zilizosaidiwa vizuri. Waliohamia katika familia walikua kiakili kuliko waliobaki, hasa waliohama kabla ya kutimiza miaka 2. Mwaka 2009 utafiti mwingine, uliofanywa Kambodia, Ethiopia, India, Bungoma nchini Kenya na Moshi nchini Tanzania, ulikuta kwamba watoto wa miaka 6 hadi 12 walioishi vituoni hawakuwa na hali mbaya kuliko yatima waliolelewa na jamaa mitaani. Wengine huzitumia tafiti hizi mbili kugombana. Kwangu hazigombani. Kichanga anahitaji familia haraka, wala hawezi kungoja mipango ya watu wazima. Mtoto mkubwa anaumizwa au kuponywa na aliye mbele yake, awe katika kituo au kwa mjomba.

Na kwa mjomba si peponi. Nimeona mtoto akirudishwa kwa jamaa upande wa Mbau, kwa nia njema kabisa, bila senti ya kumsindikiza. Alipokelewa kwa nyimbo. Miezi michache baadaye alikuwa shambani siku za shule, katika mashamba ambayo watu wazima wenyewe waliogopa kuyaendea. Elimu ya msingi ni bure tangu Septemba 2019, kama Katiba ilivyoahidi mwaka 2006, lakini sare, madaftari na shule ya sekondari vinadai fedha, na baba mdogo mwenye watoto wake saba anajua nani atakatwa kwanza. Kwa hiyo siungani na wanaotaka vituo vifungwe kesho, wala na wanaovijenga kila mwaka. Kufunga bila kumlipia bibi chakula cha wajukuu ni kumhamisha mtoto kutoka upungufu mmoja hadi mwingine. Kujenga bweni jipya ni kumwonyesha baba mjane mlango wa kuachia mtoto, wakati alichohitaji ni maziwa ya miezi michache.

Majirani zetu wameanza. Rwanda ilipitisha mpango wake wa kuwarudisha watoto katika familia mwaka 2012, na Kenya ina mkakati wa kitaifa wa mwaka 2022 hadi 2032. Kongo tunayo sheria nambari 09/001 ya tarehe 10 Januari 2009 ya ulinzi wa mtoto. Inataka mtoto aliye katika hali ngumu apewe ulinzi maalumu, na kuwekwa kwake mahali popote kupite kwa mtumishi wa ustawi wa jamii na hakimu wa watoto. Watumishi hao wapo Butembo na wapo Beni. Wengi hawana pikipiki ya kumfikia mtoto, wala karatasi ya kuandikia faili. Nimemwona mmoja akitembea kwa miguu kutoka Furu akiwa na madaftari ya watoto katika mfuko wa plastiki, siku ya mvua.

Wafanyabiashara wa Butembo hununua bidhaa Dubai na Guangzhou, na kila Noeli wengi wao hupeleka mifuko ya sukari na sabuni kwenye vituo. Nawashukuru, na watoto huifurahia siku ile. Nawaomba wafanye kitu kingine pia, na naziomba parokia na mashirika ya mitaani zifanye vivyo hivyo. Mtoto akiletwa langoni, kabla hajaandikwa, aulizwe nani ni mkubwa wake, nani ni bibi yake, na mtu atumwe kuwatafuta. Bibi akipatikana na akimtaka, fedha ambayo ingemlisha mtoto kituoni imfuate nyumbani. Asipopatikana, mtoto apewe mama mlezi mmoja, na mama huyo alipwe. Walezi niliowaona wakiacha watoto hawakuacha kwa kukosa moyo. Waliacha kwa sababu walikuwa na watoto wao wenyewe wa kulisha. Mwaka wa masomo unaanza Septemba. Anayetaka kusaidia aanze kabla ya hapo, na aanze kwa mshahara wa mama mmoja, wa miezi yote kumi na miwili.